Uzito wa Gundi

Nimeiweka juu ya mizani ya jikoni,
ile anayopimia dada sukari ya halua,
chali, tumbo juu, kama paka aliyezoea nyumba.
Gramu mia saba arubaini na mbili.
Ilipotoka dukani Ruwi, boksi linasema,
ilikuwa mia sita na kumi.

Basi gramu mia na thelathini na mbili
ni mianguko.

Hapa puani, mgunga wa Al-Khudh, Januari iliyopita.
Hapa bawa la kushoto, nguzo ya taa,
na mlinzi wa skuli aliyenishushia kwa ufagio
akacheka mpaka akakaa chini.
Mkia: mbuzi. Sitaki kuuzungumza mkia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakuwa na ndege ya povu, wahenga.
Mimi nimeziba kila ufa, siku ile ile, kwa gundi ya moto,
tone juu ya tone, utepe juu ya utepe,
na sasa nimeujenga ukuta,
na ninautaka upae.

Leo sizibi. Leo nabandua.
Nje digrii arubaini na nne, na Alasiri bado;
kiyoyozi kinanguruma peke yake.
Wembe mpya. Spiriti kwenye pamba.
Gundi kavu huinuka kama ukoko wa wali
ukijua pa kuanzia: pembeni, taratibu.
Ukivuta kwa pupa unaondoka na nyama.
Pua iliyobonyea naimiminia maji ya birika
nayo, hili hunishangaza kila mara,
inatutumka polepole, inakumbuka umbo lake.
Si lote. Inakumbuka kiasi.

Sevo ya kulia inatetemeka, meno yamelika;
natia ya helikopta ya Muadh, iliyokufa Ramadhani.
Betri imevimba. Hiyo haina dawa,
naipeleka uani kwenye ndoo ya mchanga.

Kisha, chini ya bawa, tabaka la nne,
utepe wa kahawia ambao si wangu.
Ni wa Sajeevan, aliyeniuzia kwa riali nane
wiki ile mkataba wake wa Rusayl ulipokwisha,
pamoja na feni na jiko la gesi.
Nauvuta. Kuna maandishi ya penseli,
herufi za kwao, za mviringo, kama vitanzi vya uzi,
mistari mitatu na tarehe.
Sijui ni jina la mtu au ni kipimo cha betri.
Ningeweza kupiga picha nikamuuliza muuza matunda,
naye ni wa huko huko.
Nikauweka wembe chini.
Pale sikugusa. Nimepitisha utepe mwembamba unaoonyesha,
gramu moja, labda na nusu.

Mia sita sitini na tano.
Uzito umehamia nyuma, kwa hiyo puani
nimegandisha sarafu mbili za baisa hamsini,
nikaibeba kwa ncha za vidole viwili, kimoja kila bawa,
pumzi nimeizuia,
ikatulia.

Alfajiri, kabla upepo wa baharini haujaamka,
katika wadi kavu, changarawe zingali baridi,
Muadh anaishika, hatua tano, anairusha.
Inazama kidogo, na roho yangu nayo,
kisha inapanda.

Inavuta kushoto. Imevuta kushoto tangu siku ya kwanza,
pengine tangu mikono ya yule.
Nabonyeza kulia mara moja, mara mbili.
"Iachie," anasema Muadh, "iachie izunguke."

Naiachia. Inazunguka juu yetu, kwa kushoto, kwa kushoto,
na inapolalia bawa, jua la chini
linapita tumboni mwake, kiraka kinamemeta
na kuzimika.

Dakika saba. Betri ya kuazima.
Naishusha mbali na mbuzi.